Furaha za Chiku

Siku hizi podikasti hairuhusiwi kusimulia kisa cha mtoto aliyeuawa mpaka ndugu watoe kwanza furaha yake moja, ambayo haijawahi kutangazwa. Mama hataki nikatae. Anataka jina la Chiku, mdogo wangu, lisikike. Nimeshatoa kuku wake kilema, nyimbo zake za kuruka kamba, na alivyogombania ukoko wa wali.

Leo mtangazaji kapiga tena. "Pole, dada. Ipo nyingine?"

Imebaki moja: alikuwa akilala ameshika sikio langu.

"Alipenda mvua," nikadanganya. Mvua ikinyesha, Chiku alijificha mvunguni.

Jioni mama alisikiliza kipindi, akatabasamu na machozi yake.

"Kweli kabisa. Alipenda mvua, mwanangu."

Nikajishika sikio, nisiusahau mkono wake.