Kimea Kilichookoka Motoni

Moto ulioteketeza nyumba na kumuua mume wa Pelagia ulibakiza kapu moja la kimea cha mtama, kimekolea moshi. Hakuwa na nafaka nyingine, akakipikia pombe, akailaza ndani ya pipa la mbao.

Majirani wa kijiji cha Kasoli walipokuja kumjengea nyumba, alichota kwa kata, akaonja. Ilikuwa nyeusi, nzito. Kisha moshi wa ule moto ukampanda puani, akakaa chini.

“Imeharibika, mayu?” baba mkwe wake aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

“Hapana, baba. Ni tamu.”

Mzee akapokea kata, akanywa, naye akausikia moshi ule.

“Tuimwage?” akauliza.

Pelagia akawatazama watu waliobeba miti mabegani, jasho likiwatiririka.

“Wana kiu,” akasema, akainuka taratibu kuwachotea.