Boneti ya Moto

Kabla ya kukagua matairi, Mashavu aliweka kiganja juu ya boneti ya pikapu iliyoegeshwa kwenye kivuli cha ukuta. Ilikuwa ya moto.

"Haijawashwa tangu jana, dada," muuzaji alisema.

Gari linalosumbua kuwaka likiwa baridi hupashwa moto kabla mnunuzi hajafika. Mashavu alilijua hilo. Hii ilikuwa pikapu ya tano kuikagua, na magoti yake yalishachoka kusukuma baiskeli yenye magunia ya mihogo.

"Basi tungoje ipoe, kaka."

"Kwani ni chai hiyo?"

Alikaa juu ya tofali mpaka kivuli cha ukuta kikafika miguuni pake. Akagusa tena. Baridi. Aliomba moyoni awe amemdhania vibaya.

"Haya, washa."

Muuzaji aliuzungusha ufunguo kidoleni, akauzungusha tena, wala hakuusogelea mlango wa gari.