Ngumi Iliyosafiri Vipindi Vitatu

Kinyozi alizima mashine nikiwa nimenyolewa nusu kichwa.

"Subiri kaka, anapiga sasa hivi," alisema, macho kwenye televisheni.

Mguu ulikuwa unanitikisika wenyewe. Usaili wa kazi ulikuwa saa nne, na ilishafika tatu na nusu. Lakini yeye alikuwa ameirudia ile katuni ya Kijapani ya utoto wetu, na tangu niketi alikuwa akiziponda mpya.

"Za siku hizi zinameremeta tu, vita vinaisha hata chai haijapoa. Hii, ngumi moja inasafiri vipindi vitatu!"

"Ndugu yangu, kichwa."

"Tulia."

Shujaa akakunja ngumi. Tone la jasho likamteremka shavuni, taratibu, likaning'inia kidevuni. Hata mguu wangu ukatulia. Mkono ukaanza kwenda.

Umeme ukakatika.

Nikajipapasa: upande mmoja upara, upande wa pili kichaka. Matusi yalikuwa tayari mdomoni, lakini kilichonitoka ni kingine.

"Ilimpata?"

Kinyozi alikuwa bado ameikodolea macho skrini nyeusi.

"Sijui, kaka. Hata enzi zile umeme ulikatika hapohapo."