Chogo la Inchi Ishirini na Moja

“Hebu simama, mwanangu. Tembea mpaka pale dirishani utufungulie pazia.”

Junaid alisimama, akatembea, akafungua pazia. Aliporudi kwenye kiti aliwakuta Haji Rafaqat na binti yake wamemkazia macho miguuni kama watu wanaokagua ng'ombe wa Idi. Akatabasamu tu. Alikuwa ametoka Lahore mpaka Gujranwala kwa ajili ya televisheni ya kizamani, na kwa televisheni ile angekubali hata kuruka kamba.

Nyumbani kwake kulikuwa na mashine ya gemu aliyoiunda mwenyewe kwa mbao. Aliipaka rangi nyekundu, akaifunga stiki na vitufe, mpaka ikafanana kabisa na ile waliyokuwa wakiigombania utotoni, yeye na rafiki yake Tanvir, katika kibanda cha nyuma ya soko. Kilichokosekana ni kioo. Usoni mashine ilikuwa na tundu tupu, na mkewe, Sadaf, alikwishaanza kuhifadhi humo vitunguu. Tanvir naye alikuwa anarudi kutoka Sharjah kwa sikukuu, baada ya miaka mingi, na kila walipoongea kwenye simu aliuliza kwanza habari za mashine, kisha za watoto.

Si kwamba vioo havikuwepo mjini. Junaid hakuzitaka hizi TV bapa za siku hizi. Gemu za zamani, alisema, zilitengenezwa kwa TV za chogo, zile zenye kisogo kikubwa nyuma, na kwenye bapa picha inakauka. Lakini hata machogo aliyakataa. Hili lina giza, lile lina alama usoni, lingine nene mno. Mafundi walipomwona anakuja walijifanya wanakwenda kuswali.

Sadaf alisema tabia hiyo kairithi kwa mama yake, na hakukosea. Ammi alipomtafutia Junaid mke alizunguka miji mitano pamoja na binti zake, akala sambusa za watu, akarudi na kasoro: huyu ana giza, yule mnene, kwa wengine vyombo ambavyo bi harusi huja navyo kutoka kwao havitoshi. Junaid mwenyewe hakukanyaga hata nyumba moja. Alibaki nyumbani akicheza gemu, akisubiri kuambiwa. Mwishowe akaletewa Sadaf, pamoja na televisheni kubwa kuliko zote mtaani, ambayo umeme wa kukatikakatika uliiunguza hata watoto hawajazaliwa.

Halafu siku moja akaliona tangazo kwenye simu. Chogo, inchi ishirini na moja, halijawahi kuwashwa, bado limo ndani ya boksi lake. Moyo ulimdunda kama kijana aliyeandikiwa barua. Akapiga. Haji Rafaqat hakuwa na maneno mengi. Njoo hata kesho ulichukue, alisema, linanijazia stoo. Kisha, kama wazee wote, akauliza anaongea na mtoto wa nani.

Wa marehemu Sheikh Inayat, alijibu Junaid, wa mtaa wa Samanabad.

Mzee akalirudia jina hilo, neno kwa neno.

“Njoo Jumapili, baada ya alasiri,” alisema. “Hatumpi mtu tusiyemwona.”

Ndiyo maana alikuwa pale, na boksi la halua alilolileta kwa adabu, akifungua mapazia ya watu. Chai ililetwa na binti wa Haji, mwalimu wa chuo, mwanamke wa makamo mwenye miwani na sauti ya taratibu. Akaketi mbele yake. Haji akauliza maswali: anafanya kazi gani, nyumba ni yake au ya kupanga, kwao kuna ugonjwa wa sukari, meno yake yote ni ya kwake. Na mama yake je, mzima? Bado anatoka kutembelea watu?

Magoti yanamsumbua, Junaid alisema, siku hizi hatoki.

Alijua wazee wanavyopenda vitu vyao, akaona bora amridhishe. Akazisifia sambusa, akala ya tatu na ya nne. Boksi la televisheni lilikuwa pembeni, limefunikwa kitambaa kilichotariziwa maua kwa mkono. Aliponyoosha mkono alifunue, yule binti akamzuia.

“Bado, kaka. Kwanza tukujue.”

Mwishowe Haji akamtazama binti yake. Binti akaitazama chai yake.

“Tutakupigia,” mzee alisema.

Walipiga kesho yake, Junaid akiwa mezani na Ammi na Sadaf. Alikuwa yule binti.

“Kaka Junaid, tumekaa kifamilia tukazungumza. Wewe ni mtu mzuri, huna baya. Ila sisi tulikuwa tunatafuta mkubwa kidogo. Mungu atakujalia kwingine.”

Junaid akabaki na simu mkononi, sikio linamwaka moto. Aliona aibu ambayo hakuijua jina. Akawasimulia yote: pazia, meno, “mkubwa kidogo”.

“Mkubwa wa nini? Mimi nilikwenda kununua, sikwenda kuposwa!”

Sadaf alicheka mpaka akajishika mbavu. Ammi hakucheka. Alikuwa ameuweka mkate wake chini.

“Sambusa zao,” aliuliza polepole, “zilikuwa na punje za komamanga ndani?”

“Ndiyo. Umejuaje?”

Ammi alijifuta vidole kimoja kimoja, bila kuinua macho.

“Televisheni hiyo ilinunuliwa kwa ajili yako, mwanangu,” alisema. “Mimi ndiye niliyewaambia ni ndogo.”