Mguu wa Pili

Siku ile mjinga alikuwa Baba Tulinagwe, na mwenyewe hakatai.

Ukungu wa Tukuyu ulikuwa umeingia hadi chumbani. Mashine ya kung'oa vinyweleo, moja ya maajabu ya soko huria, ilivuma mguuni mwa mkewe kama nyuki waliosinzia.

“Irudishe dukani,” alisema Baba Tulinagwe. “Miguu hii ilikuwa na kosa gani?”

“Jaribu kidevuni, mume wangu. Usipotoa sauti, nairudisha.”

Akacheka, akaigusisha. Ndevu ziling'oka na mizizi yake. Dunia ikawa nyeupe, akaelea juu ya migomba kama hana uzito, mpaka akasikia mtu anapiga ukelele. Alikuwa yeye.

“Kitu hiki si cha watu,” alisema, machozi yakimtiririka. “Kesho kinarudi.”

“Nishikie kioo nione nyuma ya goti,” alijibu mkewe. “Mguu wa pili bado.”