Mgeni Akae Kwanza

Amri mpya ilikuwa fupi: afisa ustawi wa jamii ampige mteja picha mlangoni, kama alivyomkuta, kabla hata ya shikamoo. Daftari la afisa huyo, Bi Tunu, ambamo kwa miaka tisa aliandika kila anguko la Mzee Chande, ofisi ilikwisha kulichukua na kumkabidhi kishikwambi.

Akasukuma mlango. Mzee alipomwona, akaishika meza kwa mikono miwili, akajiinua kidogo kidogo, hadi akasimama wima.

"Karibu, mwanangu. Mgeni hapokewi na mtu aliyekaa."

"Kaa, mzee! Kaa, nakuomba!"

Lakini kidole kilikwisha kubonyeza. Kishikwambi kikaitazama picha, kikajaza fomu ya msaada chenyewe: anasimama bila msaada. Msaidizi wa kumwogesha na kumgeuza kitandani: aondolewe. Bi Tunu akajaribu kufuta. Hakikukubali.

"Picha imetoka vizuri?" mzee aliuliza, jasho likimchuruzika.

"Vizuri sana, baba."

Mzee akatabasamu. Akaishikilia meza, akazidi kusimama, akingoja mgeni akae kwanza.