Bahasha ya Dakta Tunu

Utafiti wa Dakta Tunu ulionyesha kuwa vumbi la kiwanda cha saruji ndilo lililokuwa likiharibu mapafu ya watoto wa mji ule. Mkuu wake, Profesa Kasiani, aliusoma wote, akaufunga taratibu.

“Upeleke kwenye jarida la ng'ambo, mwanangu. Lina heshima, na utapanda cheo.”

“Na hapa mjini nani atalisoma, Profesa?”

“Hakuna,” alijibu bila kumtazama. “Ndiyo maana nakushauri.”

Tunu alimuaga kwa adabu. Lakini juu ya bahasha aliandika anwani ya jarida dogo la Kiswahili, lile ambalo wauguzi wa zahanati hupokezana mpaka linachakaa.

Posta hapakuwa na foleni. Karani aliipokea bahasha, akasoma anwani, kisha akalisoma jina la mtumaji mara mbili.

“Wewe ndiye Dakta Tunu?”

“Ndiye mimi.”

Karani hakugonga muhuri. Aliipigia simu ofisi ya kiwanda cha saruji, akasema neno moja tu: “Amefika.”

Tunu alinyoosha mkono aichukue bahasha yake. Karani alikuwa ameikandamiza mezani kwa kiganja, na hakukiondoa.